Kodi Inatafuta Mlango: Kutoka Kibanda cha Mwaka 1900 hadi Duka la Simuni Kisenyi

Ukishuka kutoka kilima cha Mengo ukielekea mfereji wa Nakivubo, utaingia Kisenyi. Utazisikia mashine za kusaga mahindi kabla hujaziona, na vumbi la unga litakutua mabegani. Mbele kidogo utakuta maduka ya Wasomali, mikahawa ya chai ya maziwa na sambusa, ofisi za kutuma fedha, kisha stendi ya mabasi yaendayo mbali. Vyote hivyo vina milango. Mkaguzi wa leseni anaweza kusimama mbele ya kila mlango, akahesabu, akaandika.

Lakini nyuma ya milango hiyo, ghorofani na vyumbani, wamo wafanyabiashara ambao mkaguzi hawaoni. Huyu hupiga picha viatu vya mitumba akaviweka WhatsApp. Yule huuza mafuta ya nywele kupitia TikTok. Mzigo huchukuliwa na bodaboda au hupakiwa kwenye basi la jioni, na malipo huingia kwa simu. Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara: je, mtu wa namna hii anadaiwa kodi? Ni lazima asajiliwe? Swali hilo ni la uraia, na ni la lugha pia, kwa maana maneno tunayoyatumia kulijibu, yaani kodi, ushuru, leseni, stakabadhi na daftari, yana umri mkubwa kuliko simu. Nitalijibu kwa njia ya historia, kwa kuwa sheria za leo zimejengwa juu ya msingi wa jana, na aliyejenga hakuubomoa ule wa zamani.

Tuanze na neno ushuru. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilimaanisha sehemu moja ya kumi. Unguja ya karne ya 19 haikufika kiwango hicho: mkataba wa Sultani na Marekani wa mwaka 1833, na ule wa Uingereza wa mwaka 1839, uliweka asilimia 5 kwa bidhaa zilizoingizwa. Sultani hakujisumbua kuhesabu marobota mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao mashuhuri wao alikuwa Jairam Shivji. Wao walimlipa kiasi kilichopatanwa kila mwaka, na kilichozidi kikawa chao. Mpango huo uliwezekana kwa sababu bandari ni mlango. Jahazi hutia nanga mahali panapojulikana, na shehena hupita mbele ya macho ya watu.

Wafanyabiashara wa pwani walipofika Buganda, mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa Kabaka. Ahmed bin Ibrahim, anayetajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza, alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna wa Pili mwaka 1844. Nguo, shanga na bunduki zilipitia ikulu, na pembe za ndovu zikatokea huko huko. Hapakuwa na fomu wala namba. Palikuwa na zawadi, na palikuwa na jicho la mfalme.

Kodi kama tuijuavyo leo iliingia kwa maandishi tarehe 10 Machi 1900, siku Mkataba wa Buganda ulipotiwa saini. Upande mmoja alikuwa Sir Harry Johnston kwa niaba ya Uingereza. Upande wa pili walikuwa walezi wa Kabaka Daudi Chwa, ambaye alikuwa mtoto mdogo: Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mkataba uliweka kodi ya kibanda, rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba iliyokaliwa na watu, na kodi ya bunduki, rupia 3 nyingine. Tafakari hesabu hiyo kidogo. Mtoza kodi wa mwaka 1900 hakuhitaji kujua jina lako, wala ulipanda nini, wala uliuza nini. Alihesabu mapaa ya nyasi.

Watu nao hawakukaa kimya. Kama kila paa linalipiwa, basi tulale wengi chini ya paa moja; ndivyo familia zilivyobanana, na vibanda vikapungua katika daftari la serikali ingawa watu hawakupungua nchini. Baada ya miaka michache serikali ikaleta kodi ya kichwa kwa wanaume ambao hawakulipia kibanda. Kodi ikahama kutoka kwenye jengo ikaenda kwa mtu. Ikumbuke hatua hiyo, msomaji, maana tutaiona tena karne moja baadaye.

(Nidokeze jambo la lugha. Kwa Kiganda fedha huitwa ensimbi, na simbi ni yale makombe madogo ya baharini, kauri, yaliyotumika kama sarafu huku bara kabla ya rupia. Kwa hiyo mama anayeuza nyanya Kisenyi akikudai ensimbi, anakudai makombe ya Bahari ya Hindi, na wewe unampa noti ya shilingi.)

Neno kusajili lenyewe halikuingia nchini kwa upole. Huko Acholi, mwaka 1911 na 1912, watu wa Lamogi walikataa amri ya kuandikisha bunduki zao. Walijua kuwa kitu kilichoandikwa ni rahisi kuchukuliwa. Wakakimbilia vilima vya Guruguru, wakapigana, wakashindwa. Nalitaja tukio hilo kwa sababu hofu ya kuandikwa mara nyingi huelezwa kuwa ni ujinga. Mimi sikubali. Ni kumbukumbu.

Kisenyi yenyewe ilikulia pembeni mwa daftari. Hadi miaka ya 1960 haikuwa sehemu ya manispaa ya Kampala; ilikuwa ndani ya Kibuga, mji mkuu wa Kabaka, chini ya serikali ya Mengo. Mjini upande wa pili kulikuwa na kanuni za ujenzi, za afya na za leseni, na barabara za maduka ya Wahindi. Kisenyi ilipokea wageni kutoka kila pembe ya Uganda na nchi jirani, ambao hawakuweza kupata chumba wala ruhusa mjini. Wataalamu wawili wa elimu ya jamii, Aidan Southall na Peter Gutkind, waliichunguza pamoja na Mulago, na kitabu chao kilitoka mwaka 1957. Waliwakuta watu wakiishi kwa biashara ndogondogo, hasa wanawake waliopika na kuuza pombe vyumbani mwao. Chumba kile kile kilikuwa jiko, kitanda na duka. Nadhani muuzaji wa leo mwenye mzigo chini ya kitanda na simu mkononi ni mjukuu halali wa biashara ile.

Kodi ya kichwa ikaendelea, na baadaye ikapangwa kwa madaraja kulingana na mali na kipato. Januari 1960 wananchi wa Bukedi, mashariki mwa nchi, walifanya ghasia kubwa dhidi ya makadirio yake na dhidi ya machifu waliokadiria. Baada ya uhuru haikuondoka. Wazee wetu hukumbuka misako ya alfajiri na vizuizi vya barabarani, mwanamume akidaiwa tikiti ya kodi kama anavyodaiwa kitambulisho leo. Ilifutwa mwaka 2005.

Leseni ilikuwa na safari yake. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1969, ambayo ndiyo mama wa leseni tunazolipia hadi leo, ilitungwa pamoja na lengo la kuwabana wasio raia: iliiruhusu serikali kutaja maeneo na bidhaa ambazo mgeni hangeruhusiwa kuzifanyia biashara. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia katika siku 90, na maduka yakagawiwa wengine. Bidhaa zikatoweka. Uchumi ukaingia gizani, na giza hilo Waganda walilipa jina la Kiswahili: magendo. Waliotajirika humo wakaitwa mafutamingi. Mwanafunzi makini ataona kosa la upatanisho, kwani mafuta ni mengi, hayawi mingi; lakini watu hawakuwa na haja ya sarufi walipokuwa wakitafuta sukari na sabuni. Funzo la lugha lililomo ni kwamba Kiswahili kiliingia katika biashara ya Uganda kikiwa na maneno ya kujificha.

Ndipo unapoelewa kwa nini serikali iliyofuata ilipata shida kukusanya chochote. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ilianzishwa mwaka 1991. Julai 1996 ikaja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo sote tunaiita VAT, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo. Hii ilikuwa kodi ya aina mpya kabisa: haikuhesabu paa wala kichwa, ilihesabu muamala, na ilimtaka mfanyabiashara mwenyewe aandike stakabadhi. Wenye maduka wa Kampala waligoma mwaka huo huo, wakafunga milango. Matokeo yake ni kwamba kiwango cha mauzo ya mwaka kinachomlazimu mtu kujisajili kwa VAT kilipandishwa kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 50. Tangu mwaka 2015 ni milioni 150.

Sasa tufike kwenye simu. Tarehe 1 Julai 2018 kila mtumiaji wa WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao kama hiyo alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku kabla ya kuifungua. Siku hiyo hiyo ilianza kodi ya asilimia 1 kwa miamala ya fedha za simu. Baada ya malalamiko makubwa ilipunguzwa mwaka huo huo kuwa asilimia 0.5, tena kwa kutoa fedha tu. Kabla ya hapo Rais Museveni alikuwa ameandika barua akilalamikia lugambo, yaani umbea, mitandaoni. Mjadala wa nchi ukawa juu ya umbea na uhuru wa maoni. Wachache walimtaja muuza viatu. Kwake yeye mtandao ulikuwa soko, na shilingi 200 zilikuwa ushuru wa kuingia sokoni, unaolipwa kabla hajauza hata jozi moja, siku ya mauzo na siku ya ukame sawasawa.

Itazame kodi ile kwa jicho la historia utaona kibanda cha mwaka 1900. Serikali ilikosa mlango wa kuhesabu, ikajenga mlango katika simu. Na watu walifanya walichofanya babu zao: walitumia programu za VPN kupita pembeni, au wakaungana wengi kwenye intaneti ya ofisi moja. Katika mwaka wa kwanza wa fedha zilikusanywa takriban shilingi bilioni 49.5, wakati matarajio yalikuwa bilioni 284. Mwaka 2021 kodi ile iliondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti, ambayo hukatwa kimyakimya unaponunua. Mwaka huo huo, Januari, kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilizimwa nchini. Aliyekuwa na wateja elfu moja kwenye ukurasa wake aliamka asubuhi akakuta mtaa mzima umefungwa, na hapakuwa na mwenye nyumba wa kumlalamikia.

Basi, mtu huyu anadaiwa nini hasa? Kwanza kumbuka nguzo mbili katika Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 17 inasema kulipa kodi ni wajibu wa raia. Ibara ya 152 inasema kodi yoyote haitatozwa ila kwa idhini ya sheria ya Bunge. Ukiijua ya kwanza bila ya pili utakuwa mnyonge. Ukiijua ya pili bila ya kwanza utakuwa msumbufu.

Tuseme wewe msomaji unauza viatu kwa simu ukiwa Kisenyi. Kuuza mtandaoni hakukuondoi katika sheria ya kodi ya mapato, maana sheria hiyo huuliza umepata kiasi gani, haiulizi umeuzia wapi. Lakini pia haikuweki katika kundi la matajiri. Ikiwa jumla ya mauzo yako kwa mwaka haizidi shilingi milioni 10, yaani takriban shilingi 27,400 kwa siku, kodi ya mfanyabiashara mdogo kwako ni sifuri. Zingatia kuwa nimesema mauzo, sikusema faida. Jozi iliyonunuliwa kwa 30,000 na kuuzwa kwa 40,000 inahesabiwa 40,000.

Ukivuka milioni 10, jedwali lililowekwa mwaka 2020 linakugawa kwa swali moja: unaandika au huandiki? Mwenye mauzo ya kati ya milioni 10 na 30 ambaye hana kumbukumbu hulipa 80,000, iwe aliuza milioni 11 au 29. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10. Chukua kalamu. Aliyeuza milioni 12 na ana daftari atalipa 8,000. Jirani yake aliyeuza kiasi hicho hicho bila daftari atalipa 80,000, yaani mara kumi. Kwa mauzo ya milioni 24 ni 56,000 dhidi ya 80,000. Kwa milioni 40, ambapo mwenye kumbukumbu hulipa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kilichozidi milioni 30, ni 130,000 dhidi ya 200,000. Hesabu hizi sijaziona zikibandikwa ukutani popote sokoni, na kwangu hilo ni pungufu kubwa la elimu ya uraia. Tunawahubiria watu uzalendo wa kulipa, hatuwaonyeshi kuwa daftari la shilingi 3,000 linaweza kuwaokolea 72,000.

Neno daftari nalo ni la Kiarabu, na wenye maduka wa pwani walilijua vizuri kabla ya mkoloni. Mtu wa simu ana bahati ambayo mwenye duka hana: biashara yake inajiandika yenyewe. Agizo lina tarehe, picha ya bidhaa ipo, ujumbe wa malipo upo. Kinachobaki ni kukusanya mara moja kwa juma, mauzo upande huu, manunuzi na nauli za bodaboda upande ule. Lakini ujue kisu hicho kina makali pande zote mbili. Sheria ya taratibu za kodi inaipa URA mamlaka ya kudai taarifa, na taarifa ya laini yako ya fedha za simu haitofautishi bei ya viatu na mchango wa mazishi uliopokea kutoka kwa ndugu zako. Vyote vinaonekana kama fedha iliyoingia. Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi wanaouza vitu wakati wa likizo: laini ya biashara iwe mbali na laini ya ukoo.

Kuhusu jina, sheria ya majina ya biashara inamgusa yule anayefanya biashara kwa jina lisilo lake. Ukiuza kwa majina yako halisi bila kuongeza neno, haikulazimishi kusajili. Ukijiita Kisenyi Viatu Bora, unapaswa kulipeleka jina hilo URSB, ofisi ya kitaifa ya usajili, ambayo siku hizi hupokea maombi kwa mtandao. Watu wengi huona hatua hii kuwa ya kumfurahisha serikali. Mimi naona mwenye faida ya kwanza ni mnunuzi, na wa pili ni muuzaji mwenyewe. Anayekuiga jina na kuwatapeli wateja wako, utamshtakije kama jina lenyewe halijaandikwa popote kuwa ni lako?

Hapa ipo sheria ambayo haisomwi sana, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011. Haihusu kodi. Inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki amweleze mnunuzi jina lake kamili, anwani ya mahali alipo, simu yake, maelezo ya bidhaa na bei yote pamoja na gharama zake. Fikiria mnunuzi aliyeko Arua, aliyetuma shilingi 90,000 kwa mtu asiyemjua na akangoja basi ambalo halikuleta kitu. Ana picha ya viatu, ana namba ya simu isiyopatikana tena, basi. Kwake yeye usajili haukuwa suala la hazina ya serikali. Ulikuwa tofauti kati ya kupata pa kushtaki na kukosa. Na muuzaji mwaminifu wa Kisenyi analipa gharama ya matapeli hao kila siku, maana mteja mpya humwambia: leta kwanza, nitalipa nikiona.

Neno anwani ndilo linalotufikisha kwenye leseni, na hapa sheria inapwaya. Leseni ya biashara, ambayo jijini hutolewa na KCCA, ilitungwa mwaka 1969 kwa kumfikiria mtu mwenye chumba cha biashara. Hata marekebisho ya mwaka 2015 hayakumtoa mtu huyo katikati ya picha. Mwenye vyumba viwili hukata leseni mbili. Mwenye kitanda kilichojaa makasha ya viatu afanye nini? Wengine hukodi kibanda kidogo cha kuandikia anwani tu, wakalipa pango la mahali wasipoketi. Kwa maoni yangu hiyo ni gharama isiyo na tija, nayo inatokana na sheria inayoendelea kuutafuta mlango ambao mfanyabiashara hana tena.

URA kwa upande wake imeshaacha kutafuta mlango; inatafuta stakabadhi. Tangu Januari 2021 waliosajiliwa kwa VAT wanatakiwa kutoa ankara kupitia mfumo wa kielektroniki uitwao EFRIS, ambapo kila mauzo huonekana kwa mamlaka papo hapo. Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala walifunga maduka kwa siku kadhaa wakiupinga. Mwaka uliotangulia, Mei 2023, wenzao wa Kariakoo, Dar es Salaam, walikuwa wamefunga yao wakilalamikia ukaguzi wa kodi na agizo la kusajili stoo, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuzungumza nao. Silaha ya wote ilikuwa moja, nayo ni ile ya mwaka 1996: kufunga mlango. Muuza viatu wa WhatsApp hana silaha hiyo. Akizima simu yake, Kampala haitambui.

Mwaka 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko mawili yanayomgusa moja kwa moja. Biashara mpya iliyoanzishwa na raia baada ya tarehe 1 Julai 2025, yenye mtaji usiozidi shilingi milioni 500, inasamehewa kodi ya mapato kwa miaka mitatu. Na namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, sasa inaweza kutumika kuwa namba ya mlipakodi, ile TIN ambayo zamani iliombwa kwa fomu yake. Iangalie njia tuliyoipita: mwaka 1900 kodi ilishika paa, kisha ikashika kichwa cha mwanamume, kisha mlango wa duka, kisha simu, sasa inashika namba ambayo mtu hupewa kwa kuwa raia tu, kabla hajauza chochote.

Lakini rudi nami Kisenyi, kwenye ile mikahawa ya sambusa. Wengi wa Wasomali wanaoishi pale walifika nchini wakiwa wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya biashara na kuanzisha kampuni kwa kufuata sheria za nchi, na wameifanya biashara hiyo kwa bidii ambayo kila mkazi wa Kampala anaiona. Msamaha wa miaka mitatu umeandikwa kwa ajili ya raia. Mkimbizi hana NIN ya raia. Binti wa Kisomali aliyezaliwa Kampala na wazazi wakimbizi, anayeuza madira na manukato kwa simu katika chumba kile kile ambamo miaka ya 1950 mwanamke mwingine aliuza pombe, bado TIN yake ataiomba peke yake, kwa njia ya zamani.